Kazi Nayo ni Shule: Habari za Mafunzo ya Ufundi Jirani na Soko la Burma



Jina la soko letu, lililo kando ya Barabara ya Jogoo, lakumbusha nchi ya mbali ambako askari wa King's African Rifles walipigana mwaka 1944. Wengi wao hawakuwa wamekaa darasani siku nyingi. Jeshini wakafundishwa kuendesha malori, kutengeneza injini na kupeleka habari kwa simu ya upepo. Mafunzo hayo waliyapata mikono ikiwa kazini.

Mtindo huo haukwisha pamoja na vita. Hata leo katika mabucha ya Burma, kijana husimama ubavuni mwa fundi wake, akajifunza kwamba kisu hufuata kiungo wala hakishindani na mfupa. Hatua chache kutoka hapo, Shauri Moyo na Kamukunji, wafua bati hugeuza mapipa makuukuu kuwa majiko, masanduku na karai. Mwanafunzi huanza kwa kunyosha bati. Akikosea, kosa huonekana papo hapo na kusahihishwa papo hapo.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya, likasema kwamba kazi ndogo za namna hii zastahili kusaidiwa, si kufukuzwa. Mwaka 1977 mtaalamu Kenneth King alichapisha kitabu kuhusu mafundi wa Kiafrika na vijana wanaofunzwa nao. Mwaka 1985 Rais Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, nao wakaahidiwa vibanda vya kuwakinga na jua kali.

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli. Kuna vijana wanaochota maji na kufagia mwaka mzima wasishike nyundo. Wengine hutoka na ujuzi kamili, lakini penye ajira huulizwa karatasi, nao hawana. Mkono wajua, hati haisemi.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi apimwe kwa kazi yake na kupewa cheti. Mlango umefunguliwa, lakini apimwaye hutakiwa kuonyesha alifunzwa nini.

Kwa hiyo twawaomba wazee mambo mawili. Kwanza, mzazi na fundi wanapopatana, mapatano yaandikwe mbele ya shahidi: muda, malipo, na kazi atakazofunzwa kijana. Pili, kila fundi mkongwe ajitokeze kupimwa, ili wanafunzi wake wapate mfano wa kufuata.

Darasa hatulidharau, kwa maana fundi asiyejua hesabu hupunjwa bei. Twasema tu kwamba karakana nayo ni shule, na shule hutaka utaratibu. Udongo uwahi ungali maji.