Mnyama Asiyekomaa na Siri ya Madini Joto

Ndugu mfugaji, mbuzi akizaa mtoto dhaifu, asiye na manyoya, shingo imevimba, wengi humlaumu beberu. Leo tuangalie historia ya mnyama mmoja wa majini aliyewasaidia wataalamu kuelewa kazi ya tezi iliyo ndani ya shingo hiyo.

Anaitwa aksolotli, wa jamii ya salamanda, na kwao ni maziwa ya Xochimilco, Mexico. Ana miguu minne, mkia, na matamvua ya kupumulia majini yaliyochomoza kando ya kichwa. Salamanda wengi huanza maisha hivyo, kama viluwiluwi wa chura, kisha hubadilika umbo na kutoka nchi kavu. Aksolotli huishia njiani: huzaa akiwa bado na umbo la utoto.

Mwaka 1864 aksolotli 34 waliletwa Paris, Ufaransa, na sita kati yao akapewa mtaalamu Auguste Duméril. Mwaka uliofuata walitaga mayai. Watoto walipokua, baadhi yao walimshangaza: matamvua yalinywea, pezi la mgongoni likatoweka, ngozi ikatoka madoa ya manjano. Wazazi walibaki vilevile. Kumbe umbo la utu uzima lilikuwamo mwilini, likisubiri amri.

Amri hiyo hutoka wapi? Jibu lilichukua karibu miaka 50. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya farasi, nao wakageuka vyura kabla ya wakati, wadogo mno. Mwaka 1913 Vilém Laufberger akawalisha aksolotli tezi, wakabadilika. Huko Marekani, Bennet Allen alifanya kinyume: aliwatoa viluwiluwi tezi hiyo. Waliendelea kunenepa, lakini hawakuwa vyura.

Ikabainika kwamba tezi ya shingo ndiyo inayotoa amri ya kukomaa, na haiwezi kuitengeneza amri hiyo bila madini joto. Aksolotli anayo tezi, ila hufanya kazi kwa unyonge. Mbuzi wako anayo nzima, lakini mama akikosa madini joto wakati wa mimba, tezi ya mtoto huvimba ikihangaika, na mtoto huzaliwa hajakamilika.

Kwa hiyo:

- Mpe mbuzi mwenye mimba jiwe la chumvi au chumvi yenye madini joto, hasa maeneo ya milimani ambako udongo umesombwa na mvua.
- Usimlishe kabichi tupu kila siku. Huizuia tezi kutumia madini hayo.
- Mfanyabiashara, weka chumvi mbali na jua na unyevu, mfuko ukiwa umefungwa. Madini joto hupotea.
- Usizidishe. Wakumbuke wale vyura wadogo wa 1912: haraka nayo ni hasara.

Ukiona shingo imevimba, muone mtaalamu wa mifugo kabla ya kumuuza beberu.