Uvimbe unaowaka mwekundu

Hebu fikiria wewe ndiye daktari wa upasuaji. Fuvu la mgonjwa limefunguliwa, na mbele yako kuna glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Katikati ya uvimbe hakuna shida, unauona. Shida iko pembeni: pale seli za saratani zimejichanganya na ubongo wenye afya, na kwa macho vyote vinafanana. Ukikata kidogo, unaacha saratani. Ukizidisha, huenda mgonjwa akaamka hawezi kuongea.

Wazo la kuufanya uvimbe ujitaje wenyewe kwa mwanga si la jana. Mwaka 1924, huko Lyon, Ufaransa, Albert Policard alimulika vivimbe kwa taa ya urujuanimno, akaona vingine vinatoa mwanga mwekundu. Mwaka 1948, huko Minnesota, Marekani, daktari George Moore alieleza njia tofauti: kumdunga mgonjwa fluoresini, rangi inayong'aa kijani-njano, ili kutafuta uvimbe wa ubongo. Ilisaidia, ila rangi hiyo huvuja popote mishipa ya damu ya ubongo ilipolegea, hata sehemu iliyojaa maji tu bila saratani.

Miaka ya 1990, Walter Stummer na wenzake huko Munich, Ujerumani, wakaja na ujanja mwingine. Mgonjwa anakunywa 5-ALA. Usishtuke na jina. Hata mwili wako unaitengeneza, ni hatua moja katika kutengeneza kile kinachoipa damu wekundu wake. Seli za uvimbe huigeuza kuwa protoporfirini, kisha kazi inakwama. Hatua ya mwisho, ya kuingiza madini ya chuma, inasuasua, na protoporfirini inarundikana. Saa chache baadaye daktari anazima taa nyeupe ya hadubini, anawasha ya bluu, na uvimbe unang'aa mwekundu, kama alama za noti zinavyojitokeza chini ya ile taa ya kaunta ya benki.

Sasa, inasaidia kweli? Timu ya Stummer ilitoa matokeo ya jaribio kubwa mwaka 2006. Kati ya wagonjwa 270 waliochambuliwa, uvimbe unaoonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa 65% ya waliokunywa 5-ALA. Kwa waliopasuliwa chini ya mwanga wa kawaida ilikuwa 36%. Miezi 6 baadaye, ugonjwa ulikuwa haujaendelea kwa 41% dhidi ya 21%. Lakini muda wa kuishi kwa jumla haukuonyesha tofauti ya kuaminika kitakwimu, na hili watu hupenda kuliruka. Glioblastoma hutuma seli mbali kuliko wekundu unapofika.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2017. Na anayeinywa hukaa kama saa 24 mbali na jua na taa kali, maana ngozi nayo huwa imebeba protoporfirini, na mwanga unaweza kuiunguza.