Sauti ya Mtoto na Mkataba wa Kazi: Mgogoro wa Walezi wa Mahakama na Cafcass nchini Uingereza, 2001–2003

1.0 Utangulizi

Historia ya vyama vya wafanyakazi katika sekta ya umma mara nyingi huandikwa kama historia ya mishahara. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini hauwezi kueleza kikamilifu mgogoro uliozuka nchini Uingereza mwaka 2001 baina ya Cafcass, chombo kipya cha serikali cha huduma za familia mahakamani, na walezi wa mahakama waliokuwa wakiwasemea watoto katika mashauri ya ulinzi. Kwa sura ya nje, ugomvi ulihusu malipo na aina ya mkataba. Insha hii inajenga hoja kwamba kiini chake kilikuwa uhuru wa kitaaluma wa mtu anayemsemea mtoto, na kwamba uhuru huo ulikuwa umehifadhiwa kwa miaka mingi ndani ya utaratibu wa ajira ambao wapangaji wa muundo mpya waliuona kuwa suala la uhasibu tu.

2.0 Usuli: Chimbuko la mlezi wa mahakama

Nafasi ya mlezi wa mahakama ilitokana na msiba. Mwezi Januari 1973, Maria Colwell, mtoto wa miaka saba, aliuawa na baba yake wa kambo mjini Brighton. Alikuwa amerudishwa kwa mama yake kutoka kwa jamaa waliokuwa wakimlea, baada ya halmashauri iliyokuwa na dhamana naye kutopinga maombi ya mama mahakamani. Kwa kuwa pande zote mbili zilikubaliana, hakubaki mtu wa kueleza maslahi ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Watoto ya mwaka 1975 ilikusudia kuziba pengo hilo kwa kuweka mlezi huru wa mahakama, ingawa utekelezaji mpana ulisubiri hadi mwaka 1984. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika Oktoba 1991, iliipanua nafasi hiyo na kuifanya nguzo ya mashauri ya ulinzi wa mtoto.

Hata hivyo, utaratibu huo ulikuwa na ukinzani ndani yake. Majopo ya walezi yaliendeshwa na halmashauri, yaani mamlaka zilezile zilizopeleka mashauri mahakamani na ambazo mlezi alitakiwa kuzichunguza. Njia mojawapo ya kupunguza ukinzani huo ilikuwa kuwatumia maafisa ustawi wa jamii wenye uzoefu waliojiajiri, ambao walilipwa kwa saa na hawakuwa chini ya msimamizi yeyote wa halmashauri. Kwa walezi wengi, kujiajiri kulikuwa ushahidi mbele ya hakimu na mbele ya familia kwamba maoni yao hayakuamriwa na mwajiri.

3.0 Muundo mpya na mgogoro

Sheria iliyounda Cafcass ilipata idhini ya Malkia tarehe 30 Novemba 2000, na chombo chenyewe kikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2001. Katika miezi minne hiyo, huduma tatu zenye mila tofauti zilipaswa kuwa moja: huduma ya ustawi wa familia iliyokuwa chini ya idara za uangalizi wa wahalifu, majopo ya walezi ya halmashauri, na kitengo cha watoto cha ofisi ya Mwanasheria Rasmi wa serikali. Waajiri zaidi ya 100 wakawa mwajiri mmoja, chini ya Ofisi ya Lord Chancellor. Watumishi walihamia na masharti yao ya awali, hivyo watu wenye kazi zinazofanana walijikuta chini ya paa moja wakiwa na masharti tofauti.

Ndani ya mazingira hayo, bodi ilikabiliwa na swali la walezi waliojiajiri. Malipo ya saa yalikuwa magumu kuyakadiria katika bajeti, na palikuwa pia na suala la kikodi: je, mtu anayelipwa hivyo na taasisi moja ni mjiajiri kweli, au ni mwajiriwa kwa jina jingine? Walezi walikuwa wameelezwa kwamba wangeweza kuchagua kati ya ajira na mkataba wa kujitegemea. Katikati ya mwaka 2001, bodi iliamua kwamba njia itakayobaki ni ajira pekee.

Upinzani haukuweza kuchukua sura ya mgomo wa kawaida. Napo, chama cha watumishi wa uangalizi na wa mahakama za familia, kilikuwa na wanachama walioajiriwa na nafasi katika meza ya majadiliano. Walezi waliojiajiri walitetewa hasa na NAGALRO, jumuiya ya kitaaluma isiyokuwa na silaha za chama cha wafanyakazi. Mjiajiri hana ajira ya kugomea. Anachoweza ni kutopokea shauri jipya, na anayeumia kwanza ni mtoto anayesubiri. Kwa sababu hiyo NAGALRO ilikwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya uamuzi. Mwezi Septemba 2001, Jaji Scott Baker aliutengua uamuzi wa bodi. Hukumu haikusema kwamba Cafcass hairuhusiwi kamwe kubadili mfumo wa mikataba. Kasoro ilikuwa katika namna uamuzi ulivyofikiwa, kwa kuwa walezi walikuwa na matarajio halali ya kushauriwa kwa haki.

4.0 Gharama ya ushindi

Ushindi wa mahakamani haukurudisha imani. Mtendaji mkuu wa kwanza alisimamishwa kazi kabla mwaka wa kwanza wa chombo haujaisha. Walezi wazoefu waliondoka, na watoto katika mashauri ya ulinzi wakasubiri kupangiwa mlezi. Julai 2003, Kamati Teule ya Bunge iliyosimamia Ofisi ya Lord Chancellor ilitoa ripoti kali kuhusu maandalizi ya haraka, uongozi wa bodi na jinsi mgogoro wa walezi ulivyoshughulikiwa. Baadaye bodi ya kwanza iliondoka kupisha nyingine.

Haitoshi, hata hivyo, kuwaona walezi kuwa mashujaa na bodi kuwa mkaidi. Hoja ya bodi ilikuwa na uzito: chombo cha taifa kilihitaji kujua gharama zake, kusimamia ubora wa kazi na kumhakikishia kila mtoto huduma bila kujali eneo. Aidha, mlezi aliyeajiriwa anaweza kuwa huru iwapo kanuni zinamlinda. Kosa la bodi lilikuwa kuuondoa ulinzi wa zamani kabla ya kuonyesha ulinzi mpya ungekuwa upi, na kufanya hivyo bila kuwasikiliza walioujua kwa vitendo.

5.0 Hitimisho

Mgogoro wa 2001 unaonyesha kwamba masharti ya kazi katika huduma za familia hubeba dhamana ambazo hazikuandikwa katika mkataba. Anayebadili muundo wa ajira hubadili pia uhusiano kati ya mtaalamu, mahakama na mtoto, ajue asijue. Jambo hili lina maana hata nje ya Uingereza. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtegemea afisa ustawi wa jamii katika kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama, na afisa huyo ni mtumishi wa umma. Mtafiti wa mageuzi ya utumishi katika sekta hiyo hana budi kuuliza, pamoja na idadi ya maafisa na mishahara yao, ni nani anayeweza kumwelekeza afisa aandike nini. Katika kisa cha Cafcass, swali hilo liliulizwa kwa kuchelewa, na lilijibiwa mahakamani badala ya katika meza ya mashauriano.