Mbiu, Balozi na Alama ya X: Historia Fupi ya Tangazo la Mtaani

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii kila mtoto wa shule anaijua, lakini wachache hujiuliza mgambo alikuwa nani kabla hajawa askari. Katika Kiswahili cha zamani mgambo hakuwa mtu. Ulikuwa ni mwito wa hadhara, tangazo linalowataka watu wakusanyike. Mbiu ilikuwa pembe ya nyati iliyopulizwa ili mwito huo usikike. Baada ya Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, nchi ikiwa bado na hofu kutokana na uvamizi wa Wareno nchini Guinea na mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda, neno hilo likakaa kwa jeshi la raia. Leo ukilitamka mbele ya mama anayeuza vitumbua kando ya barabara, hafikirii mkutano. Anakusanya beseni lake na kukimbia.

Safari ya neno hilo moja kutoka kwenye mwito hadi kwenye rungu inaweza kutufundisha jambo kuhusu siasa zetu za ngazi ya chini. Sisi wanazuoni tunapenda kuandika juu ya katiba, bunge na uchaguzi mkuu. Ni mara chache tunachunguza jinsi habari ya maji kukatika, ya kipindupindu, ya barabara kupanuliwa au ya mkutano wa mapato na matumizi inavyomfikia mkazi wa Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto. Hata hivyo, kwa walio wengi, serikali ni hiyo habari: imefika au haikufika, imefika mapema au imefika pamoja na tingatinga. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba historia ya tangazo la mtaani ni historia ya kile ambacho watawala walidhani mkazi ni nani: mtu wa kushauriwa, mtu wa kuamriwa, au mtu wa kuhesabiwa tu.

Tuanze na pembe. Katika miji ya mwambao, mpiga mbiu alipita vichochoroni akapuliza, akasema neno alilotumwa, kisha watu wakaenda kusikiliza. Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Jamii ile ilikuwa na mabwana na watumwa, waungwana na wageni, na si kila aliyesikia pembe alikuwa na haki ya kusema barazani. Lakini mbiu ilikuwa na sifa moja ambayo matangazo yaliyofuata yaliipoteza: ilikuwa mwanzo wa kikao. Aliyetangaza alitarajia kuonana na waliotangaziwa. Yule aliyetaka kupinga alijua pa kwenda na nani wa kumtazama usoni.

Wajerumani walikuja na utaratibu mwingine. Amri zilitoka kwa gavana zikashuka kwa maakida na majumbe, na baraza likawa mahali pa kusomewa kodi. Waliutambua uwezo wa Kiswahili cha maandishi. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga katika shule ya serikali, lilikuwa chombo chao cha kuzungumza na makarani na walimu waliowaandaa. Waingereza waliendeleza njia hiyo kwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Jijini Dar es Salaam waliugawa mji katika kanda tatu ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanda hizo hazikutofautiana kwa nyumba na mitaro peke yake. Zilitofautiana pia kwa namna ya kuambiwa. Mkazi wa Uzunguni aliandikiwa, naye akajibu kwa barua. Mkazi wa Uswahilini alibandikiwa, na karatasi iliyobandikwa ukutani haina masikio.

Hata hivyo, Uswahilini haikukaa kimya ikisubiri karatasi. Mgomo wa makuli wa bandarini mwaka 1947 ulienea kutoka Dar es Salaam ukafuata reli hadi miji ya bara, na hakuna ofisi ya serikali iliyoutangaza. Baada ya TANU kuzaliwa Julai 1954, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kuchapisha vipeperushi. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake, hasa vya lelemama, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na njia za kupashana habari nyumba hadi nyumba. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wakaingia kwenye chama. Wasomi wa kizazi changu tumezoea kuutazama uhuru kupitia hotuba za Mnazi Mmoja. Nadhani tungeutazama pia kupitia uani, walikoketi wanawake waliohakikisha kwamba Mnazi Mmoja panajaa.

Serikali huru ililielewa somo hilo. Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilijenga mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake ambaye wananchi walimwita balozi. Lilikuwa wazo lenye nguvu. Kwa mujibu wa sensa ya 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu takriban 273,000, na balozi aliwafahamu watu wake kwa majina: nani amefiwa, nani amepokea mgeni, nani anagombana na jirani kwa sababu ya mpaka. Alishusha tangazo la chama na la serikali, naye alitarajiwa kupandisha malalamiko. Wazo hilo lilivuka mipaka likiwa na jina lake la Kiswahili. Rwanda na mashariki ya Kongo wamekuwa na nyumba kumi, na Kenya iliamua kulifufua baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, safari hii kwa ajili ya usalama.

Mfano mzuri wa uwezo wa utaratibu ule ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilitangaza, lakini redio haikuachwa peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Waandaaji walikuwa wamegundua upya siri ya ile pembe ya nyati: tangazo huzaa matunda pale linapofuatwa na kikao.

Lakini balozi huyohuyo alikuwa na uso wa pili. Serikali za mitaa zilipofutwa katika mfumo wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji nazo zikaondoka, na huduma za miji zikadhoofika. Ulipozuka ugonjwa wa kipindupindu mwaka 1977, nchi ilikuwa na chama kilichofika kila nyumba, ilhali miji haikuwa na mabaraza yake yenyewe ya kushughulikia taka na maji. Mabaraza ya miji yalianza kurejeshwa mwaka 1978, na sheria za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, sukari, unga na sabuni vilipoadimika na maduka ya kaya yakaanzishwa, kufahamiana na balozi kukawa suala la chakula. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wale wasioweza kuthibitisha kazi walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Aliyewajua watu kwa majina aliweza kuwatetea, na aliweza pia kuwataja. Wazee wanaoukumbuka ujamaa kwa mapenzi na wale wanaoukumbuka kwa uchungu mara nyingi wanamzungumzia mjumbe yuleyule.

Mwaka 1992 tukarejea kwenye vyama vingi, na hapo ndipo tangazo la mtaani lilipoingia kwenye mkanganyiko ambao haujaisha. Balozi alibaki kuwa wa CCM. Mtaa, wenye mwenyekiti wa kuchaguliwa na mtendaji wa kuajiriwa, ukawa ngazi ya chini ya serikali mijini. Kisheria jambo hili halina utata. Kiutendaji, ukitaka barua ya kufungulia akaunti au ya kumdhamini ndugu yako polisi, bado katika mitaa mingi utaelekezwa uanze kwa mjumbe. Mwananchi asiye wa chama hicho, au asiye wa chama chochote, anahudumiwa na mtu ambaye sheria ya nchi haimtambui kuwa mtumishi wake.

Mkanganyiko huu ungekuwa mdogo kama uchaguzi wa mtaa ungekuwa na uzito. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilisusia baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na wenyeviti wengi walipita bila kupingwa. Mwaka 2024 chama tawala kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Simlaumu mwenyekiti mmoja mmoja. Nimewajua wenyeviti waadilifu wanaofanya kazi usiku na mchana kwa posho isiyotosha nauli. Nasema tu kwamba kiongozi ambaye hakuhitaji kura yako ana sababu ndogo ya kukupasha habari.

Matokeo yake tunayaona ukutani. Jiji limetujengea aina mpya ya tangazo: herufi moja ya rangi nyekundu. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, alama ya X ilitangulia upanuzi wa barabara ya Morogoro, kisha nyumba zikabomolewa, zikiwamo za watu waliokuwa wamelipa kodi za majengo na kuunganishiwa umeme. Miaka miwili kabla, Desemba 2015, wakazi wa bonde la Msimbazi walibomolewa pia. Serikali ilikuwa na hoja zake katika matukio yote mawili, na kuhusu bonde la mafuriko hoja hizo hazikuwa nyepesi. Lakini tazama umbo la ujumbe. Alama ya X haina sahihi, haina tarehe ya kikao, haina mahali pa kupeleka pingamizi. Ni herufi moja inayomwambia mkazi kwamba mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Kuna pia tangazo ambalo halikuwapo. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi Mbagala. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walifariki, na maelfu walikimbia bila kujua waelekee wapi, wengine wakipotezana na watoto wao njiani. Kati ya matukio hayo mawili ulikuwapo muda wa takriban miezi 22. Mtaa unaopakana na ghala la silaha ulistahili kuwa na ishara ya hatari inayojulikana na njia ya kukimbilia iliyotangazwa. Baragumu lingetosha.

Leo wengi tunaamini tatizo limetatuliwa na simu. Katika mtaa ninaoishi, pembezoni mwa jiji, tuna kundi la WhatsApp ambamo taarifa za maji, wizi, misiba na michango ya barabara hupita kila siku. Lina manufaa makubwa. Lakini nilipochunguza ni nani waliomo, niliona kwamba ni wenye nyumba, wengi wao wenye magari. Wapangaji wa vyumba vya uani, bodaboda wa kijiweni na wasichana wa kazi hawamo, ingawa mpangaji mwenye miaka 18 ana haki sawa na yangu ya kumchagua mwenyekiti. Mchango wa kifusi ukitangazwa, wao huusikia kwa mara ya kwanza wanapodaiwa. Bila kukusudia, tumeijenga upya Uzunguni na Uswahilini ndani ya simu.

Tena simu huzimwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa jijini. Mtaa ambao ulikuwa umeacha kukutana uliamka ukiwa kiziwi. Watu walisimama milangoni wakiulizana kwa sauti ya chini, na wengi waligundua kwamba hawayajui majina ya majirani zao.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuidai kutoka kwenye ofisi ya umma. Haki hizo hazipaswi kuishia kwa waandishi wa habari na mawakili wa Dodoma. Ninyi watumishi wa umma mnaosoma makala haya mnaweza kuanza na mambo madogo: ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi ya mtaa badala ya ndani ya kabati, tangazo lenye tarehe, jina la ofisi na siku ya kikao, mapato na matumizi yaliyobandikwa kabla ya mkutano, ili watu waje na maswali.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi moja. Nendeni kwenye ofisi ya mtaa mnaoishi, hata kama mmepanga chumba kimoja, mkaulize mkutano wa hadhara uliopita ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi. Mkijibiwa, hudhurieni ujao na mje na mpangaji mwenzenu. Msipojibiwa, ulizeni kwa maandishi, mbaki na nakala.

Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Kila mmoja wao alifikiwa na karani aliyebisha hodi mlangoni. Serikali inayoweza kubisha hodi kila nyumba ili kutuhesabu inaweza pia kubisha hodi kabla ya kutubomolea.