SEHEMU YA 7: Helikopta Ikitua Baharini

Watoto wamelala? Basi tuendelee.

Mnakumbuka mwaka 2012, Statoil ya Norway ilipotangaza kupata gesi kisima cha Zafarani, vijana wetu wakashuka Mtwara kutafuta kazi? Meli za uchimbaji zilikaa mbali sana na pwani, mafundi wakapelekwa kwa helikopta. Sasa ikidondoka majini, inaelea?

Inaelea, ina maboya yaliyokunjwa chini ubavuni, yanajazwa gesi kwa sekunde chache. Shida iko juu. Injini, giaboksi na lile panga, uzito wote umekaa kichwani. Bibi zetu wa Newala waliofuata maji bondeni na kupanda na ndoo kichwani walilijua hili: ndoo ikiyumba, shingo nayo inafuata. Wimbi likipiga ubavuni, helikopta inageuka miguu juu, na maboya yanaishikilia hivyo hivyo, watu ndani ya maji.

Ndivyo ilivyokuwa Shetland, Uingereza, tarehe 23 Agosti 2013. Maboya yalijaa, helikopta haikuzama, ila ilipinduka. Kati ya watu 18, wanne walifariki.

Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya kule ikabana: bahari ikichafuka sana hakuna kuruka, na abiria akae jirani na dirisha la kutokea, labda awe na kifaa bora cha kupumulia majini au helikopta iwe na maboya ya ziada. Hayo ya ziada yanafungwa juu, karibu na injini, ili chombo kilale ubavu, upande mmoja ubaki na hewa na madirisha. Wazo lenyewe lilikuwepo miaka mingi kabla. Hapo ndipo panaponiudhi.

Na jaketi okozi je? Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta, ikaangukia baharini Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi walijaza jaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yakawabana darini, wakashindwa kuzamia mlangoni. Kwa hiyo kwenye ndege au helikopta unavaa, unajaza ukishatoka. La boti kwa kawaida ni la sponji, halijazwi. La mtoto liombe kabla hamjang'oa nanga, maana la mtu mzima linamvuka kichwani.

Maswali ya chanjo nitayajibu kesho nikitoka zamu.