Zawadi za siku ya kuzaliwa ya mtoto

Zawadi za siku ya kuzaliwa ya mtoto ni vitu au pesa ambazo ndugu, majirani na wageni wengine humpa mtoto katika sherehe ya kuadhimisha tarehe aliyozaliwa. Nchini Tanzania sherehe yenyewe huitwa mara nyingi "bethidei". Makala hii inaeleza adabu ya kutoa na kupokea zawadi hizo jijini Dar es Salaam, kwa kuangalia hasa Msasani, kata ya Wilaya ya Kinondoni.

Msasani inafaa kuwa mfano kwa sababu katika rasi hiyohiyo nyumba za kifahari za Masaki na Oysterbay zinapakana na mitaa yenye nyumba zilizobanana, kama ile ya Bonde la Mpunga na ya kijiji cha zamani cha wavuvi. Watoto wa pande hizo mbili hukutana katika darasa moja, kanisa moja au madrasa moja, na hualikana. Mtoto mmoja anaweza kwenda sherehe mbili katika mwezi mmoja: katika moja meza ya zawadi ina baiskeli, katika nyingine ina daftari na pakiti za biskuti. Maswali mengi ya adabu ya zawadi yanatokana na hali hiyo.

Maneno yanayotumika

Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo hayafai kuchanganywa. Zawadi ni neno la jumla. Mchango hutolewa kabla ya sherehe ili kusaidia gharama, na kwa kawaida huandikwa katika daftari. Tuzo katika sherehe ni pesa au kitu anachopewa mtu hadharani, mara nyingi huku mtoaji akicheza. Kitendo chake ni kutuza, ingawa wengi Dar es Salaam husema kutunza. Hidaya ni zawadi ya heshima au ya mapenzi, na hiba ni mali ambayo mtu humpa mwingine angali hai, neno linalotumika zaidi katika mambo ya sheria na mirathi. Takrima ni ukarimu kwa wageni, lakini katika siasa za Tanzania neno hilo lilichafuka kwa kuhusishwa na rushwa ya uchaguzi.

Kwa bethidei ya mtoto, mgeni hutarajiwa kuleta zawadi tu. Mchango huombwa katika harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza, ambazo huwa na kamati na kadi. Siku hizi wapo wazazi wanaotuma kadi za mchango hata kwa bethidei ya mtoto wa mwaka mmoja. Jambo hilo hunung'unikiwa sana, na kwa haki: anayeombwa mchango na kisha akatarajiwa kufika na zawadi amelipishwa mara mbili.

Historia

Kusherehekea tarehe ya kuzaliwa kunahitaji kwanza tarehe hiyo ijulikane. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki siku ya kuzaliwa ilihifadhiwa kwa jina na si kwa kalenda. Ndiyo maana wapo akina Juma, Jumanne, Mwanahamisi, Ramadhani, Shabani, Sikukuu, Masika, Mvua na Njaa. Julius Nyerere, aliyekuwa na nyumba Msasani na kuishi huko kwa miaka mingi, alipewa jina la Kambarage, pepo wa mvua kwa Wazanaki, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Wazee wengi walikadiriwa umri kwa kutaja vita, njaa au mafuriko. Leo sheria ya Tanzania inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, kazi inayosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na shule hudai cheti cha kuzaliwa mtoto anapoandikishwa. Kwa njia hiyo mtoto wa leo anaijua tarehe yake tangu chekechea, jambo ambalo babu yake huenda hakulijua maisha yote.

Hii haina maana kwamba watoto wa zamani hawakupewa zawadi. Walipewa kwa hatua za maisha na si kwa miaka. Kwa Waislamu wa pwani kulikuwa na akika, ambayo kwa kawaida hufanywa siku ya saba kwa kuchinja mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kisha arobaini, mama anapomaliza siku za kukaa ndani. Kwa Wakristo kulikuwa na ubatizo, ambapo wasimamizi walitoa nguo nyeupe, rozari au Biblia. Kwa Wazaramo, wenyeji wa eneo la Dar es Salaam, mwali aliyetoka unyagoni alituzwa pesa na kanga mbele ya watu. Idi nayo ilikuwa na bado ina zawadi yake: mtoto huamkia nyumba kwa nyumba na kupewa "sikukuu" yake, yaani sarafu. Mjini Zanzibar watoto hupeleka sarafu hizo katika viwanja vya sikukuu kununua vitu vya kuchezea na vya kula.

Bethidei yenye keki na mishumaa ilikuja kutoka nje. Mtindo wa keki na mishumaa kwa watoto unajulikana Ujerumani tangu karne ya 18, na lahani inayoimbwa duniani kote ilitungwa na ndugu wawili wa Kimarekani, Mildred na Patty Hill, kwa ajili ya watoto wa chekechea. Ilichapishwa mwaka 1893 ikiwa na maneno mengine, ya kusalimiana asubuhi. Dar es Salaam desturi hiyo ilianza kuonekana katika familia za Wazungu, za Waasia na za Waafrika wachache waliosoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa haba madukani, hata sukari na unga wa ngano vilitafutwa kwa foleni, kwa hiyo keki yenyewe ilikuwa zawadi kubwa. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya muongo huo, vitu vya kuchezea kutoka nje vilijaa Kariakoo, na tangu mwaka 1994 televisheni za binafsi zikaingiza sherehe za namna hiyo sebuleni kwa watu.

Mwenendo wa sherehe

Sherehe ya kawaida ya Msasani hufanyika Jumamosi au Jumapili alasiri. Huanza kwa sala au dua. Kisha hukatwa keki, na hapa kuna utaratibu ambao wageni kutoka nje hushangaa kuuona: mtoto halishwi tu, yeye ndiye hulisha. Huanza na bibi na babu kama wapo, au na baba na mama, halafu shangazi, mjomba na wengine kwa kufuata ukubwa. Anayelishwa humbariki mtoto, na mara nyingine humtia noti mkononi papo hapo. Katika familia za Kichaga zenye uwezo huweza kuwepo pia ndafu, mbuzi aliyebanikwa mzima, ambaye hukatwa na kulishwa vilevile.

Zawadi hutolewa baada ya keki au baada ya chakula. Kama kuna mshereheshaji, huita makundi: majirani, wafanyakazi wenzake mama, watu wa jumuiya au wa kanisani. Kila kundi hupita likicheza na kukabidhi. Kama hakuna, zawadi hupelekwa mezani kimya kimya. Njia ya pili ni ya heshima zaidi pale wageni wanapotofautiana kipato, kwa kuwa hakuna anayepimwa kwa macho ya watu wote.

Kumwagia maji mwenye bethidei ni jambo la vijana, hasa wa shule na vyuo. Kwa mtoto mdogo halifai, na kwa mtu mzima asiyezoeana nawe ni utovu wa adabu.

Adabu ya kutoa na kupokea

Zawadi hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto peke yake ni kasoro, na mzazi humrekebisha mtoto hapohapo. Mtoto huamkia kwanza "shikamoo", hupokea, hushukuru. Katika makabila kadhaa mtoto wa kike hupiga goti kidogo.

Kwa desturi zawadi iliyofungwa haifunguliwi mbele ya wageni. Wapo wanaoona desturi hii kama ubaridi, kwa kuwa filamu za Ulaya na Marekani huonyesha mtoto akichana karatasi huku watu wakishangilia. Lakini ina busara yake: inamfichia aibu aliyeleta kidogo, na inamzuia mtoto wa miaka minne kusema mbele ya watu kwamba gari kama hilo tayari analo. Familia zinazofuata mtindo wa kufungua papo hapo, na Masaki zipo nyingi, hupaswa kumwandaa mtoto mapema ashukuru kila zawadi kwa namna moja.

Jina la mtoaji huandikwa juu ya zawadi au kwenye kadi. Mama huandika orodha baadaye, si kwa uroho, bali kwa sababu zawadi ni deni la hisani. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo; sahani iliyoletwa na chakula cha jirani hairudishwi tupu. Ila kinachorudishwa si lazima kilingane kwa bei. Mwenye kuletewa baiskeli na tajiri hatarajiwi kununua baiskeli. Akienda na kitabu na kukaa mpaka mwisho amerudisha.

Somo au wajina, yaani mtu ambaye mtoto ana jina lake, hutarajiwa kutoa zaidi ya wengine. Bibi na babu wana ruhusa ya utani: bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumdai yeye zawadi.

Aina za zawadi

Nguo, viatu, vyombo vya shule, wanasesere, magari na mipira ndivyo vinavyoletwa zaidi. Anayebana matumizi hununua Kariakoo au kwenye maduka ya Msasani karibu na Namanga. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu huepukwa kitu chenye vipande vidogo vinavyoweza kumpalia. Vitu vya kelele nyingi huwaudhi wazazi, na katika nyumba za kupanga huwaudhi na wapangaji wenzao.

Kitabu ni zawadi ambayo haipewi nafasi yake. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vinavyochapishwa nchini mara nyingi ni rahisi kuliko mwanasesere wa plastiki, na humfaa hata mdogo wake atakayefuata.

Pesa huwekwa katika bahasha. Familia zenye asili ya Bara Hindi huongeza shilingi moja juu ya kiasi kamili, kama ishara ya baraka. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, shangazi aliye mkoani anaweza kutuma zawadi kwa simu. Kwa adabu humpigia mtoto pia, kwa kuwa ujumbe wa muamala peke yake hausemi hongera. Kibubu ni zawadi ya zamani inayofundisha kuweka akiba, na benki kadhaa nchini zina akaunti za watoto kwa lengo hilohilo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo zawadi hubebwa katika mifuko ya karatasi au ya kitambaa. Wengine huzifunga kwa kanga au kipande cha kitenge, ambacho nacho ni zawadi.

Wageni wasio na zawadi

Katika mitaa ya Msasani yenye nyumba zilizobanana watoto wa jirani hawangoji kadi. Wakisikia muziki na kuona maputo huja, wengine wakiwa na wadogo zao mgongoni. Mwenyeji mwenye kujua mila hupika pilau ya kutosha na kuweka bisi, kashata na juisi za ziada. Kumrudisha mtoto mlangoni kwa sababu hakuja na kitu ni kosa ambalo mtaa haulisahau upesi.

Tatizo gumu zaidi ni la watoto wa shule moja. Mtoto aliyealikwa na ambaye nyumbani hakuna pesa mara nyingi husema anaumwa. Mwalimu wa darasa hulitambua jambo hili kwa kuona nani huwa "mgonjwa" kila Jumamosi ya sherehe. Njia zilizofaa ni chache: wazazi kukubaliana kiwango cha juu cha bei, darasa zima kutoa zawadi moja ya pamoja, au mwaliko kusema wazi kwamba zawadi hazihitajiki. Ya tatu ndiyo dhaifu, kwa sababu wenye uwezo huleta tu, na asiyeleta hubaki peke yake. Kadi ya kuchorwa na mtoto mwenyewe, au chungwa zuri lililofungwa vizuri, hupokewa kwa heshima ileile pale wazazi wa mwenye sherehe wanapokuwa wa kwanza kulisifu. Keki inayopelekwa shuleni hugawiwa darasa zima au haipelekwi kabisa.

Zawadi na rushwa

Bethidei ya mtoto wa mkubwa wa kazi, wa mwalimu au wa hakimu inaweza kuwa kisingizio cha kumpitishia mzazi hongo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ina masharti juu ya zawadi wanazopokea viongozi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU, inahusu pia manufaa yanayopitia kwa mtu mwingine. Televisheni kubwa haiwi ya mtoto kwa kuandikwa jina la mtoto.

Mitazamo ya dini

Wanazuoni wengi wa Kiislamu huiona bethidei kuwa uzushi usiofaa. Wengine huiruhusu kama jambo la kijamii lisilo ibada. Familia nyingi za Kiislamu za Dar es Salaam huchukua njia ya katikati, wakasoma dua na kulisha watoto bila mishumaa. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi siku za kuzaliwa. Hutaja kwamba Biblia inazisimulia za Farao (Mwanzo 40) na Herode (Mathayo 14), zote zikiishia kwa mtu kuuawa. Makanisa mengine hayana kizuizi. Mzazi anayemwalika mtoto wa imani hizo humwuliza mzazi mwenzake kwanza, na akikataliwa hapeleki keki nyumbani kwake. Zawadi inaweza kutolewa siku nyingine yoyote, bila kutaja tarehe.