Siri Inayopanda, Siri Inayoshuka

Wiki hii, ndugu msikilizaji, tuzungumze juu ya neno ambalo Watanzania tunalitumia kwa wepesi mno: msaliti. Tutakwenda kulitafuta Moshi, maana kule mlimani limekaa muda mrefu.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake kadhaa. Kosa lao, kwa maneno ya Wajerumani, ni kula njama ya uasi. Habari za njama hiyo zilifikaje bomani? Simulizi za Kilimanjaro humtaja Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa karibu sana na Kapteni Johannes. Kwa Wajerumani, Marealle alikuwa mtu mwaminifu. Kwa watu wa Old Moshi alikuwa lile neno tuliloanza nalo. Mtu ni yule yule na habari ni ile ile. Kilichotofautiana ni sikio lililoipokea.

Tukapata Uhuru, na chama cha TANU kikaweka mabalozi wa nyumba kumi kumi. Balozi alipatanisha majirani, alipokea malalamiko, na pia alitakiwa kujua mgeni gani amelala nyumba ipi. Sina ugomvi na hilo. Nchi changa ina maadui wa kweli. Lakini tazama mpango wenyewe. Aliyepeleka habari juu, kwa balozi na kwa chama, aliitwa mzalendo. Ama mtumishi wa Serikali aliyezishusha habari chini kwa wananchi, huyo aliwekewa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, yenye vifungo vizito.

Hapo ndipo anapoingia Augustine Lyatonga Mrema, mzaliwa wa Kiraracha, Vunjo, mtu aliyepitia kazi ya usalama kabla ya siasa. Mwaka 1990 Rais Mwinyi alimteua Waziri wa Mambo ya Ndani. Mrema akawaomba wananchi wamletee habari, nao wakamletea: za majambazi, za magendo, za waume wakorofi. Siku saba zake za kutoa amri zikawa utani wa mitaani.

Februari 1995, akiwa sasa Waziri wa Kazi, alisimama Bungeni akasema waziwazi kuhusu jinsi Serikali ilivyomshughulikia mfanyabiashara mmoja aliyetuhumiwa kutumia vibaya mamilioni yaliyokusudiwa mashamba ya mkonge. Akafukuzwa kazi. Amevunja uwajibikaji wa pamoja, ikaelezwa. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Cleopa Msuya wa Usangi, Mwanga. Kwa hiyo mabishano yale hayakuwa ya Kilimanjaro na Dar es Salaam peke yake. Mkoa ule ule ulikuwa na watu wake pande zote mbili.

Hoja ya Serikali haikuwa ya kipuuzi. Waziri anayeshindwa kukubaliana na wenzake hujiuzulu kwanza, ndipo aseme. Lakini kutoka hapo kuna watu waliruka mpaka kusema kwamba Mrema ameisaliti nchi, na hapo mimi nakataa. Baraza la Mawaziri si nchi. Nao waliosukuma gari lake kwa mikono mwaka ule, hadi akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, walisahau upesi kwamba alipokuwa Mambo ya Ndani, mwaka 1993, Mchungaji Mtikila alikamatwa kwa sababu ya maneno yake. Tena alichokisema Mrema Bungeni kilihusu fedha. Hakikuwa cha mafaili ya upelelezi.

Mafaili hayo yalipata sheria yake mwaka 1996, Idara ya Usalama wa Taifa ilipoundiwa sheria ya Bunge. Sheria hiyo iliandika kwamba Idara haitampeleleza mtu kwa sababu tu ya kupinga Serikali kwa njia halali. Safi kabisa. Basi mtumishi akiona jambo hilo linafanyika, amwambie nani? Sheria ya kuwalinda watoa taarifa, ya mwaka 2015, inamwelekeza kwa mamlaka husika, yaani juu tena. Mwaka 2013 Edward Snowden wa Marekani hakwenda juu. Alikwenda kwa waandishi wa habari, na Wamarekani wakagawanyika, huyu akimwita shujaa, yule akimwita msaliti, kama vijiwe vya Moshi vilivyogawanyika mwaka 1995.

Mrema mwenyewe alirudi karibu na Serikali. Mwaka 2016 Rais Magufuli alimteua mwenyekiti wa Bodi ya Parole. Alifariki Agosti 21, 2022, akazikwa kwao Kiraracha. Katika salamu za rambirambi nilizozisikia, za viongozi wa CCM na za wapinzani, neno msaliti halikuwamo.